Kumfundisha na Kumtahini Mwanafunzi Mwenye Tofauti ya Ukuaji wa Ubongo: Mwongozo kwa Wahadhiri na Wakufunzi wa Vyuo

1. Lengo na wahusika

Mwongozo huu ni kwa wahadhiri, wakufunzi, wasimamizi wa mitihani na walezi wa wanafunzi katika vyuo vya Tanzania. Unahusu wanafunzi wenye usonji (autism). Wenye ADHD, hali inayogusa umakini, utulivu na upangaji wa kazi. Wenye disleksia, ambao kusoma na kuandika huwawia vigumu. Na wenye diskalkulia, ambao hukwama kwenye hesabu. Hizi ni tofauti za namna ubongo ulivyokua. Haziondoki kwa karipio, wala hazipimi akili ya mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Anayefundisha ukumbi wa wanafunzi 300 achukulie kwamba wanafunzi hawa wamo tayari mbele yake.

Kanuni ya kushika ni moja: kiwango cha somo kinabaki palepale, njia ya kukifikia ndiyo inayorekebishwa.

2. Msingi wa kisheria

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 24 ya mkataba huo inataja elimu ya juu waziwazi na inataka wanafunzi wenye ulemavu wafanyiwe marekebisho yanayofaa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inawapa haki ya elimu na mafunzo sawa na raia wengine. Kwa hiyo mwanafunzi anayeomba chumba tulivu cha mtihani asihesabiwe kuwa anaomba upendeleo.

3. Kutambua dalili bila kumpachika mtu jina

Wengi hufika chuoni bila kupimwa. Njia ya elimu yetu yenyewe huchangia. Katika shule za msingi za serikali mtoto husoma kwa Kiswahili, ambacho tahajia yake hufuata matamshi, hivyo mwenye disleksia anaweza kusoma polepole na akapita. Akiingia sekondari, masomo hugeuka kuwa ya Kiingereza, ambacho tahajia yake haitabiriki. Hapo huanza kuanguka, na kila mtu husema Kiingereza ndicho kinachomshinda. Anafika chuo kikuu akiwa amejifunza kukariri na kujificha.

Dalili zinazoandikwa katika vitabu vya nje nazo zisichukuliwe zilivyo. Kutomtazama mkubwa machoni kwetu ni adabu, kwa hiyo hakuonyeshi lolote. Kinyume chake, mwanafunzi mwenye usonji anaweza kusimama mbele ya darasa zima na kumwambia mhadhiri kwamba tarehe aliyoandika ubaoni si sahihi. Wenzake wataguna na mhadhiri ataona amevunjiwa heshima, ilhali kijana huyo alitaka tu tarehe iwe sahihi. Ashukuriwe, tarehe irekebishwe, kipindi kiendelee.

Zingatia tofauti kubwa kati ya uwezo na matokeo: anayejibu maswali ya papo kwa papo vizuri lakini hawasilishi kazi za maandishi, anayefaulu sana somo moja na kukaribia kudisko kwa sababu ya jingine, anayepoteza kila mara muda, vitini na ratiba. Kabla ya kusema ni uvivu, kiburi au mapepo, mwite faraghani na uulize kwa upole: "Karibu uketi. Naona unalielewa somo, ila kazi zako zinachelewa. Ni hatua gani hasa inayokukwamisha?" Usimpe jina la hali yoyote, hiyo ni kazi ya mtaalamu. Lakini usisubiri cheti cha daktari ndipo urekebishe jambo lililo ndani ya uwezo wako. Wataalamu wa upimaji ni wachache, na muhula haungoji.

4. Maelekezo ya kazi

Hapa ndipo msaada mkubwa hupatikana kwa gharama ndogo. Tazama swali hili: "Jadili kwa kina athari za mabadiliko ya tabianchi kwa wakulima. Wasilisha mapema." Mwenye ADHD hajui aanzie wapi. Mwenye usonji hajui "kwa kina" ni kurasa ngapi, wala "mapema" ni lini. Swali hilohilo liandikwe hivi:

"Eleza athari 3 za mabadiliko ya tabianchi kwa wakulima wa mahindi wa mkoa mmoja wa Tanzania. Kurasa 4 hadi 5. Tumia vyanzo visivyopungua 5. Rasimu ya ukurasa 1: Ijumaa ya wiki ya 4. Kazi kamili: Ijumaa ya wiki ya 6, saa 10 jioni. Alama: maelezo 60, ushahidi 25, mpangilio 15."

Swali halijawa rahisi; limekuwa wazi, na darasa zima litanufaika.

5. Darasani na nje ya darasa

(a) Toa vitini au slaidi kabla ya kipindi, ili anayeandika polepole aweze kusikiliza.
(b) Ruhusu kurekodi sauti ya mhadhara kwa matumizi binafsi.
(c) Usimlazimishe mtu kusoma kwa sauti mbele ya wenzake bila kumpa taarifa.
(d) Ratiba ikibadilika, tangazo moja liwekwe mahali pamoja panapojulikana. Ujumbe wa saa 5 usiku katika kundi la WhatsApp, katikati ya soga mia, humpita aliyeuhitaji zaidi.
(e) Katika kazi za vikundi, gawa majukumu kwa majina. "Pangeni wenyewe" humwacha nje asiyejua kujipenyeza.
(f) Kabla ya mafunzo kwa vitendo, mpe mwanafunzi kwa maandishi jina la kituo, mtu wa kuripoti kwake, saa na kazi anazotarajiwa kufanya.

6. Mitihani na usahihishaji

Marekebisho ya kawaida ni muda wa ziada, chumba chenye watu wachache, kuandika kwa kompyuta na kusomewa maswali. Nchini Uingereza nyongeza inayotolewa mara nyingi ni asilimia 25. Kwa mtihani wa saa 3, hiyo ni dakika 45. Idara ikubaliane na ofisi ya mitihani mapema na kwa maandishi, ili msimamizi asianze kubishana mlangoni siku yenyewe. Mwanafunzi anayesumbuliwa na sauti aketishwe mbali na feni inayolia na mlango unaofunguliwa kila mara.

Katika kusahihisha, tenganisha maudhui na tahajia, isipokuwa lugha ndiyo inayopimwa. Mwanafunzi wa uhandisi aliyekosea tahajia ya jina la kifaa lakini akapatia hesabu na mchoro, apewe alama za hesabu na za mchoro.

7. Kutunza siri

Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini mwanafunzi humfunulia mambo yake yule tu anayemwamini. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zisijadiliwe katika chumba cha walimu, zisiandikwe kwenye orodha inayobandikwa ukutani, wala asiambiwe kiongozi wa darasa. Msimamizi wa mtihani anahitaji kujua kwamba huyu ana dakika 45 za ziada, sababu haimhusu. Mlezi wa wanafunzi naye apewe taarifa kwa ridhaa ya mwanafunzi mwenyewe.

8. Hatua ya kuanzia

Kila mhadhiri, kabla ya muhula ujao, achukue swali moja la kazi ya muhula uliopita aliandike upya kama lilivyoandikwa katika kifungu cha 4. Kila mkuu wa idara amteue mtu mmoja wa kupokea maombi ya marekebisho, na jina lake litangazwe kwa wanafunzi wote wiki ya kwanza. Hatua hizi mbili hazingoji bajeti wala waraka mpya. Zinangoja uamuzi wetu.