Gari Lina Macho, Dereva Ana Simu: Mafunzo Niliyopata Juu ya Pikipiki

Ukimuuliza mtu asiyeendesha pikipiki ni gari gani linalotutisha zaidi barabarani, atakutajia lori au daladala. Kwangu si hivyo. Daladala nimeshalizoea: najua litasimama popote penye abiria, kuwe na kituo kusiwe na kituo, na konda atakuwa amechomoza nusu mwili mlangoni akigonga bati. Dereva wa lori amekaa juu, anaona mbali, na anajua mzigo wake hausimami ghafla. Anayenifanya nilegeze mkono kwenye mafuta ni yule aliye ndani ya gari safi la miaka ya karibuni, vioo vimepandishwa, kiyoyozi kinapuliza, skrini inawaka katikati ya dashibodi. Mle ndani kumetulia mno.

Mimi nasambaza vifurushi Dar es Salaam. Mzigo nauchukua Kariakoo, naupeleka Tegeta, Kimara, Mbagala au popote mteja alipo. Magari yamebadilika nikiyaangalia kwa jirani sana, mara nyingi kwa umbali wa kiwiko, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Tazama tairi, achana na indiketa

Indiketa huwashwa na aliyekumbuka, tena wengine huiwasha wakiwa wameshaingia kona. Tairi la mbele haliwezi kudanganya. Kabla bodi ya gari haijasogea, tairi limekwisha kupinda kidogo, na ukilizoea unaliona hata kwenye foleni ya Ubungo magari yakiwa yamebanana. Baada ya tairi naangalia kichwa cha dereva. Kichwa kilichoinama kinasoma kitu. Usiku ni rahisi zaidi: uso uliopakwa mwanga mweupe kutoka chini ni uso wa mtu aliye kwenye simu, na huyo simpiti kabla sijapiga honi fupi.

2. Mtu anaweza kukutazama usoni na asikuone

Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulikubali. Tulikuwa tukiambiana vijiweni kwamba ukikutana macho na dereva umeshapona. Macho kukutana hakutoshi.

Mwaka 1981 mtafiti Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza pale pale zilipotokea, eneo la Los Angeles. Katika ajali za pikipiki na gari, theluthi mbili zilitokana na dereva wa gari kuingilia njia ya pikipiki. Iliyojirudia kuliko zote ni ya gari linalokata kushoto mbele ya pikipiki inayokuja moja kwa moja. Wao wanaendesha kulia, sisi kushoto, kwa hiyo geuza picha: ni yule anayekata kulia kutoka Barabara ya Bagamoyo kuingia mtaani kwake, wewe unatoka Mwenge unakwenda zako. Akishakugonga atashuka na neno moja, nalo mara nyingi ni la kweli: sikumwona.

Kuna sababu. Kitu chembamba kinachokuja kukuelekea hakikui haraka machoni, kwa hiyo ubongo unakihesabu kiko mbali na kinakuja polepole. Halafu macho hutafuta kinachotafutwa. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu video ya wachezaji wanaopasiana mpira, wakawataka wahesabu pasi. Katikati ya mchezo akapita mtu aliyevaa vazi la sokwe. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Dereva anayeangalia kama kuna magari ataona magari, na pikipiki ndiyo sokwe wake.

Kisha kuna ile nguzo inayoshika kioo cha mbele, upande na upande. Kadiri miaka inavyokwenda nguzo hizo zimenenepa, kwa sababu nzuri kabisa: zinazuia paa lisibonyee gari likipinduka, na kwenye magari mengi zimefunika mifuko ya hewa ya pembeni. Zinamlinda aliye ndani. Lakini pikipiki nzima na mtu wake, na kifurushi nyuma, inaenea nyuma ya nguzo moja. Ubaya unazidi pale gari linapokuja makutano nami nakuja makutano kwa mwendo unaoshabihiana, kwani naweza kubaki nyuma ya nguzo ile ile hadi dakika ya mwisho, dereva akiapa kwamba barabara ilikuwa tupu.

Ninachofanya ni kidogo lakini nakifanya kila mara. Nikilikaribia gari linalosubiri kuingia barabarani, nahama upande ndani ya njia yangu, kutoka kushoto kwenda kulia kidogo, ili nichomoke kwenye mandhari ya nyuma yangu na nyuma ya nguzo yake. Macho ya dereva nisipoyaona yote mawili, najihesabu kuwa sipo. Na kama vioo ni vya giza siwezi kuona lolote, basi huyo nampisha tu. Foleni haijawahi kunishinda kiasi cha kugombania njia na gari lisilo na uso.

3. Ulinzi mwingi humlegeza anayelindwa

Mtu akiajiri mlinzi, haichukui muda ataanza kusahau kufunga geti. Ndivyo ilivyotokea kwa breki. Mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge, tunaouita ABS, uliingia sokoni mwaka 1978 kwenye magari ya Mercedes-Benz ukiwa umetengenezwa na Bosch. Ni kitu kizuri: unakanyaga kwa nguvu zote na usukani bado unakutii. Miaka ya 1980 mjini Munich, Ujerumani, kampuni ya teksi ikawa na magari yenye ABS na yasiyo nayo, watafiti wakafuatilia. Ajali za wenye ABS hazikupungua kama ilivyotarajiwa. Madereva wake walikuwa wanakata kona kwa ukali zaidi na kuacha nafasi ndogo mbele yao. Waliichukua faida ya breki wakaitumia kwenye mwendo.

Wapo waliolichukua wazo hili wakalipeleka mbali. Sam Peltzman, mchumi wa Marekani, aliandika mwaka 1975 kwamba sheria za usalama wa magari huhamishia hatari kwa walio nje. Wenzake bado wanabishana naye, na mimi sitamwambia mtu afungue mkanda eti awe mwangalifu. Mkanda wa pointi tatu wa Nils Bohlin, ulioingia kwenye Volvo mwaka 1959, umeokoa watu wengi mno kufanyiwa mzaha. Ninachochukua kwa Peltzman ni swali lake tu: nani analipa?

Jibu langu ni la vitendo. Gari la mbele likikanyaga breki zake za kisasa linasimama palepale, limenyooka. Boxer yangu ina breki za ngoma. Mvua ya kwanza ikidondoka kwenye lami yenye mchanga na mafuta ya malori, Barabara ya Mandela kwa mfano, yeye atasimama na mimi nitateleza hadi kwenye bampa lake. Kwa hiyo naacha nafasi. Kwenye nafasi hiyo bajaji itajichomeka, najua. Naacha nyingine.

4. Gari lilifundishwa kuona magari kwanza

Mifumo inayofunga breki yenyewe si mipya tena. Volvo walitoa City Safety mwaka 2008, Subaru wakaleta EyeSight Japani mwaka huo huo, na Toyota Safety Sense ikaanza 2015. Magari haya yaliyotumika Japani sasa yanashuka kwa wingi bandarini kwetu, na Kenya zaidi, kwani wao hawapokei gari lililozidi miaka 8. Anayelinunua huambiwa gari lake linaona.

Linaona nini? Kamera na rada zilianza kwa kutambua mgongo wa gari jingine, kitu kipana chenye taa mbili zilizoachana. Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, waliingiza majaribio ya pikipiki mwaka 2023. Marekani, taasisi ya IIHS ilipojaribu magari 10 aina ya SUV ndogo mwaka 2024 ikiwemo mbele ya pikipiki, ni moja tu lililopata alama ya juu, Subaru Forester. Na Julai 2022, huko Utah, gari la Tesla lililokuwa limewashiwa mfumo wa kumsaidia dereva lilimgonga usiku mwendesha pikipiki kutoka nyuma, akafariki. Dereva alisema hakumwona. Macho mawili ya binadamu na kamera kadhaa, na taa ya nyuma ya pikipiki haikumshtua yeyote.

Sichukii teknolojia hii. Ikiboreshwa ni sisi tutakaofaidi kuliko wote. Kwa leo naendesha kana kwamba haipo.

5. Gari limekuja na Kijapani chake

Aliyewahi kupanda gari lililotoka Japani anaijua ile sauti ya mwanamke. Ukiwasha tu, anakusemesha kwa upole kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Sisi barabara hizo hatuna, kadi hatuna, na aliyemwelewa ni mmoja katika elfu. Watu wanazoea kutomsikiliza. Tatizo ni kwamba wakishamzoea yeye, wanaizoea na milio mingine: wa kuhama njia, wa kitu kilicho ubavuni, wa gari lililo karibu mbele.

Nilimpelekea mzigo dada mmoja Mikocheni, akanifungulia mlango wa gari niuweke kiti cha nyuma. Injini ilikuwa inanguruma, na kwenye dashibodi taa ya njano ya mfumo wa breki ilikuwa inawaka.

"Dada, hii taa vipi?"

"Aah, hiyo kaka yangu, tangu nibadilishe kioo inawaka tu. Na kale kamlio nimewaambia wakazime, kalikuwa kananiumiza kichwa."

Kioo ndicho kiini. Kamera ya mifumo mingi hukaa juu, nyuma ya kioo cha kati, ikichungulia kupitia kioo cha mbele. Kioo kikipasuliwa na kokoto la lori, fundi anaweka kingine vizuri kabisa, hakivuji, kimekaa. Lakini kamera inatakiwa ipangwe upya kwa vifaa maalumu, maana ikiinama kidogo tu inaangalia pasipo. Wengine hubandika tinti juu yake, au stika ya bima, au huning'iniza tasbihi na rozari mbele yake. Dada yule analipa bima, anafanya sevisi kwa wakati, hana ubaya wowote. Anaamini gari lake linamlinda asinigonge, wakati limeshafumba macho.

6. Simu imeingia hata kazini

Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari linakwenda mita 17 kila sekunde. Kusoma ujumbe kwa sekunde tatu ni mita 50 za upofu. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali mara 4 hivi kuliko asiyetumia, na kuongea bila kushika simu hakumwokoi sana, kwa kuwa akili ndiyo iliyotoka, mikono ilikuwa si tatizo.

Pale kwenye mataa ndipo ninapowajua. Taa inawaka kijani, gari la mbele halitikisiki, nyuma wanapiga honi, kisha linaruka ghafla kama limechomwa. Huyo hajatazama kushoto wala kulia, ameamshwa na honi. Nikiwa ubavuni mwake, namwacha atangulie.

Tusijitoe na sisi. Bodaboda kibao wamechomeka simu ndani ya kofia sikioni wakibishana na mteja nyumba iko wapi. Na dereva wa teksi za mtandaoni kazi yenyewe ipo kwenye skrini: abiria mpya akiita, dereva lazima abonyeze ndani ya sekunde chache au anampoteza. Hapo siwezi kumlaumu dereva peke yake. Aliyeipanga programu alikaa ofisini akaamua kwamba macho ya mtu anayeendesha yanaweza kukodishwa.

7. Kofia ifungwe mkanda

Hili fupi. Kofia ngumu hupunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Iliyovaliwa bila kufungwa hutangulia kuondoka kabla ya kichwa kufika chini. Ya abiria inayoning'inia kwenye kioo cha pembeni haijamwokoa abiria yeyote.

8. Pesa ya usalama imekwenda upande mmoja

Ulaya, tangu 2016, pikipiki za aina mpya zenye injini inayozidi cc 125 lazima ziwe na ABS. India, zinakotoka nyingi tunazopanda, tangu Aprili 2019 kila pikipiki mpya ya kundi hilo ni lazima iwe nayo. Nilikwenda Kariakoo kwenye duka la pikipiki kuulizia. Muuzaji, kijana mchangamfu, alinijibu bila kufikiri: "Za hivyo hatuleti, bosi. Bei inapanda, na wewe ndiye wa kwanza kuniuliza." Akanivuta nikaone nyingine, yenye spika mbili za redio chini ya usukani na taa za bluu zinazokimbiana kwenye tangi. Hiyo, akasema, inauzika sana. Nikamuuliza bei ya tairi la mbele.