ZAWADI YA MTUMISHI WA SERIKALI

Bismillahi Rahmani Rahim.



Mtume (s.a.w.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka kwa Banu Sulaym. Aliporudi alitenga mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari, akauliza mbele ya watu kwa nini mtu huyu hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, aone kama zawadi ingemfikia huko. Wamepokea Bukhari na Muslim.

Chukua swali hilo uende nalo komini. Umepata mtoto. Sheria ya Kongo inasema aandikishwe ndani ya siku 90, bila malipo. Unaambiwa karatasi zimeisha, rudi kesho. Ukitoa matabishi, karatasi zinaonekana. Je, karani yule angekaa kwa mama yake, ungempelekea?

Atasema mshahara hautoshi, na mara nyingine hauji. Ni kweli, wala hatumcheki. Katika hadithi ya Abu Dawud, Mtume alitaja riziki kwanza: mtu akiwekwa kazini na kupewa riziki yake, atakachochukua zaidi ni ghulul, yaani wizi wa mali ya umma. Basi serikali inayomwacha mtumishi bila mshahara ina deni lake mbele ya Allah. Lakini deni hilo halilipwi na mjane aliyekuja na mtoto mgongoni.

Na wewe unayetoa? Wanazuoni wengi wametofautisha. Aliyelazimika kutoa ili apate haki yake, dhambi ni ya mpokeaji. Anayetoa ili ampite mwenzake, au apate kisicho chake, yumo katika laana pamoja na aliyepokea. Wengi wetu tunajihesabu wa kwanza, kumbe ni wa pili.

Sayyidna Umar aliandika mali ya magavana wake alipowateua, na Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 99, inamtaka Rais na mawaziri watangaze zao. Karani wa komini tunamwangalia sisi. Usingoje mtoto afike umri wa shule: siku 90 zikipita utahitaji hukumu ya korti, na huko gharama zipo. Nenda na mwenzako. Ukidaiwa pesa, omba risiti. Na kama karani ni mmoja wetu, anayeswali safu hii hii, tumwambie baada ya swala, kwa siri na kwa adabu.

Wabillahi tawfiq.