Anza na Herufi Nne: Kumfundisha Mtoto Kuandika Kihindi

Mtoto wa miaka minne wa Lucknow au Bhopal anaweza kuimba herufi zote za Kihindi, toka अ mpaka ह, bila kujikwaa. Mwandikie नल ubaoni, yaani "nal", bomba la maji, kisha umuulize hapo pameandikwa nini. Mara nyingi atanyamaza. Wimbo anao, kusoma hajui, na kosa si lake. Amepitishwa njia ndefu: leo ukurasa mzima wa क, kesho ukurasa mzima wa ख, keshokutwa ग, na mpaka orodha iishe miezi imepita naye hajaandika hata neno moja lenye maana kwake.

Kwa mzazi au mwalimu anayetaka mtoto aandike Kihindi, awe Delhi, Nairobi au Dar es Salaam, ushauri wangu ni huu: chukua herufi nne tu, na juma la kwanza lisiishe kabla mtoto hajaandika neno la kweli. Mengine yote yanafuata hapo.

Kwanza mzazi mwenyewe auelewe mwandiko, maana aliyezoea a-be-che asipoelezwa atapotea. Kihindi huandikwa kwa hati ya Devanagari, kutoka kushoto kwenda kulia. Irabu ni 11 na konsonanti za msingi ni 33. Kila konsonanti imebeba "a" yake ndani, kwa hiyo क si "k" bali ni "ka". Ukitaka "ki" au "ku" unaongeza alama ndogo iitwayo matra, ambayo huweza kukaa kulia, kushoto, juu au chini ya herufi. Halafu juu ya neno zima hupita mstari wa kulala uitwao shirorekha, na herufi zinaning'inia chini yake. Watoto wengi herufi hawazihofii. Matra ndizo zinazowashinda, na zinawashinda kwa sababu zinaletwa mwishoni, wakati mtoto ameshachoka.

Kabla ya penseli kuna mkono. Vidole vya mtoto wa miaka mitatu bado havijakaza, na kumpa penseli nyembamba na daftari la mistari ni kumtesa. Mpe kazi za nyumbani zenye faida: akande donge la unga wa chapati, asokote vijiti vya unga, achambue choroko, abane nguo kambani kwa vibanio. Baadaye mimina suji kwenye sinia, achore kwa kidole: mstari uliosimama, mstari wa kulala, nusu duara, duara zima, mkunjo wa ndoano. Sehemu kubwa ya Devanagari imejengwa kwa vipande hivyo vitano. India wenyewe wana desturi inayofanana na hii. Siku ya Vasant Panchami, sikukuu ya Saraswati, familia nyingi humshika mtoto mkono akaandika herufi yake ya kwanza; Kerala hufanya hivyo siku ya Vijayadashami, mara nyingi juu ya sinia la mchele. Ni desturi yenye akili. Mtoto akikosea kwenye mchele, sinia linatikiswa na kosa halipo tena.

Hata takhti ina somo lake. Huu ni ubao wa mbao uliotumika sana shuleni kaskazini mwa India na Pakistani: unapakwa udongo laini uitwao multani mitti, unaanikwa juani, kisha mtoto anauandikia kwa kalamu ya tete na wino. Kazi ikiisha unaoshwa na kupakwa upya. Msomaji aliyepitia chuoni Lamu au Unguja, akaandika aya kwenye ubao na kuufuta, atautambua mara moja. Kalamu ya tete haina mwendo wa haraka, na uso wa ubao ni mpana, kwa hiyo mtoto analazimika kuandika herufi kubwa na kwa utulivu. Kama takhti huna, kibao cha chaki kinatosha kabisa.

Sasa zile herufi nne. Ni न (na), ल (la), क (ka) na म (ma). Hazifuatani katika orodha, na hilo lisikusumbue; nimezichagua kwa sababu ya maneno zinayozaa. Anza na न: kifundo kidogo kushoto, mkono unakwenda kulia, kisha unashusha mstari uliosimama. Hiyo nguzo ya upande wa kulia utaikuta katika herufi nyingi za Kihindi, kwa hiyo ifundishe kwa makini hapa. Fuata na ल, yenye mkunjo kushoto na nguzo ileile. Siku hiyohiyo mtoto anaweza kuandika नल. Mpeleke kwenye bomba, bandika karatasi yake hapo.

Siku zinazofuata leta क, yenye tumbo kushoto, nguzo katikati na mkunjo kulia, kisha म. Kwa herufi hizo nne mtoto ana नल (bomba), कम (kidogo), मन (moyo, nia), कल (jana au kesho), कलम (kalamu), कमल (yungiyungi) na नमक (chumvi). Kata kadi za herufi hizo nne, mbilimbili kwa kila herufi, ili asikwame. Tamka neno polepole, yeye apange kadi mezani, asome alichopanga, ndipo achukue penseli. Jaribio zuri kuliko yote ni कलम na कमल: herufi zilezile tatu kwa mpangilio tofauti. Anayebahatisha atakosea, anayesikiliza ataziweka sawa. Ukishaona mtoto anaziweka sawa bila kukutazama usoni, amevuka mto.

Hapa mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili atakwama mahali pamoja. Ile "a" ya ndani haitamkwi mwishoni mwa neno: कमल ni "kamal" tu. Sisi maneno yetu mengi yanaishia kwa irabu, naye atasema "kamala" na "nala" kwa uhakika kabisa. Mrekebishe kwa kutamka vizuri mbele yake, tena na tena. Kanuni ya sarufi kwa mtoto wa miaka mitano haitamsaidia.

Usingoje herufi nyingine 29 ndipo ulete matra. Juma la pili au la tatu, mara zile nne zikikaa mkononi, leta ा, nguzo moja tu inayoongezwa kulia ili "a" iwe ndefu. Mara moja anapata नाम (jina), काम (kazi), लाल (-ekundu), काला (-eusi), माला (shada), नाना (babu mzaa mama). Anapata pia कान (sikio) na नाक (pua), ambazo ni herufi zilezile zilizogeuzwa. Andika moja, yeye aguse sikio au pua yake. Kisha mwekee कम na काम pamoja, umsomee zote mbili, asikie kwamba nguzo moja imebadilisha neno zima. Mtoto akishasikia hivyo, matra inakuwa na kazi machoni pake.

Matra ya pili iwe ी, ya "i" ndefu, kwa kuwa nayo inakaa kulia, baada ya konsonanti, kama inavyosikika. Inamletea नानी (bibi mzaa mama) na नीला (rangi ya buluu); ukiongeza प anapata पानी, maji. Ile ya "i" fupi, ि, iache kwa muda mrefu kidogo. Inatamkwa baada ya konsonanti lakini inaandikwa kabla yake, upande wa kushoto, na mtoto anayefuata sikio lake ataiweka kulia. Ikifika zamu yake, simruhusu tu bali namhimiza mtoto aandike konsonanti kwanza na kuacha nafasi kushoto, kisha arudi kuiweka. Mkono ukizoea, utaanza kushoto wenyewe.

Kundi linalofuata laweza kuwa प, र, स, ब na घ, maana humo mna घर (nyumba) na बस (basi). Unapoendelea, panga herufi kwa maumbo: व, ukiikata tumbo inakuwa ब, ukiiongezea mkunjo kulia inakuwa क. प huzaa ष na फ. ट, ठ na ढ ni ndugu. Lakini zile zinazochanganywa zisifundishwe juma moja: म na भ, घ na ध, य na थ. Katika भ na ध mstari wa juu umekatika upande wa kushoto. Mwonyeshe mwanya huo kwa kidole na umwambie asiuzibe, kwani akiuziba भ inasomeka म na ध inasomeka घ.

Kuhusu mstari wa juu, shauri langu ni kwamba upigwe mwisho, baada ya neno zima kwisha, kwa mkupuo mmoja kutoka kushoto hadi kulia. Unafunga neno, na mahali unapokatika ndipo neno jingine linapoanza. Mtoto ambaye tayari anaandika Kiswahili au Kiingereza shuleni amefundishwa kuziweka herufi juu ya mstari wa chini. Kwa Kihindi lazima azitundike kwenye mstari wa juu. Asipoambiwa, atakosa nafasi ya ु na ू, matra zinazokaa chini. Tumia daftari la mistari mipana na uruke mstari mmoja kila mara.

Sauti nazo zahitaji sikio. Kihindi kinatenganisha प (pa) na फ (pha), क na ख, त na ट. Shika kipande cha karatasi mbele ya mdomo wa mtoto: kwa फ kinarushwa na pumzi, kwa प kinatulia. Msemaji wa Kimvita hatapata taabu hapa, maana analitofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi hiyohiyo. Kwa त ulimi unagusa meno, kwa ट ncha yake inakunjwa nyuma juu ya kaakaa. Asiyesikia tofauti hataiandika, hata ukimjazia kurasa mia.

Dakika 10 kwa siku zinamtosha mtoto wa miaka mitano. Ukisahihisha, chagua kosa moja tu la siku hiyo, mengine yaache. Herufi iliyogeuzwa kama kwenye kioo ni jambo la kawaida kwa umri huo na kwa wengi hupotea yenyewe. Anayetumia mkono wa kushoto, tafadhali muacheni. Mwinamishieni karatasi upande wa kulia ili aone anachoandika, basi. Wala msikimbizane na mtoto wa jirani. Sera ya elimu ya India ya 2020 inaweka umri wa miaka 3 mpaka 8 kuwa hatua moja ya msingi, na mpango wa NIPUN Bharat ulioanzishwa 2021 unalenga mtoto asome na kuelewa kufikia mwisho wa darasa la tatu. Hakuna mwenye haki ya kudai aya kamili kutoka kwa mtoto wa chekechea. Herufi za kuungana kama क्ष na ज्ञ zisubiri.

Familia nyingi za Kihindi huku Afrika Mashariki ni za Wagujarati, na bibi aliyesoma Kigujarati asijione hana msaada. Hati ya Kigujarati ni jamaa wa Devanagari, haina tu ule mstari wa juu, na herufi nyingi, kama न, म na ग, atazitambua. Kwa vitabu, baraza la taifa la utafiti na mafunzo ya elimu la India, NCERT, linatoa "Sarangi", kitabu cha darasa la kwanza cha 2023, na mtu yeyote anaweza kukipakua bure. Tovuti ya StoryWeaver ina hadithi za watoto za bure kwa Kihindi na kwa Kiswahili pia. Ikiwa hadithi moja ipo kwa lugha zote mbili, msomee kwanza ile anayoielewa.

Jambo la mwisho, na kwangu ndilo kubwa. Mtoto aandike kwa sababu kuna mtu atakayesoma. Kunakili kuna mahali pake, lakini aandike pia orodha ya sokoni, jina chini ya picha aliyoichora, नमक kwenye kopo la chumvi. Aandike jina lake: Amina ni अमीना, na herufi zake karibu zote ameshazijua. Ikiwa ana bibi yake Kanpur au shangazi yake Jaipur, mwandikishe barua ya mistari miwili, yenye makosa yake yote, uitume ilivyo. Kisha mpigie simu huyo bibi au shangazi, umwombe ajibu kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa, na kwa maneno ambayo mtoto ameshajifunza.