Biashara Haigombi: Lugha ya Kupatana Bei Sokoni

Mwaka 1974, Kenneth Thomas na Ralph Kilmann walibainisha mitindo mitano ya kukabiliana na mgogoro: kushindana, kushirikiana, kuafikiana, kuepa na kuridhia. Makala haya yanadai kwamba mitindo hiyo hudhihirika katika lugha ya masoko yetu, kama vile Gikomba, Nairobi.

Tuchukulie kwamba shati limetajwa shilingi 500, naye mteja akatoa 200. Mchuuzi anayejibu, "Hiyo ni nauli tu," anashindana. Asemaye, "Ongeza kidogo, mama," anatafuta maafikiano. Anayenena, "Zunguka, ukikosa urudi," anaepa ugomvi bila kumfukuza mnunuzi.

Kwa mujibu wa nadharia ya upole ya Brown na Levinson (1987), neno "mama" hapa hulinda uso wa mteja: bei yake inakataliwa, utu wake haukataliwi. Ndiposa mchuuzi anayeshinda mabishano kwa kejeli huweza kupoteza riziki ya kesho. Wahenga walikwisha kulitambua hilo waliponena kuwa biashara haigombi. Basi mwanaisimu asilipuuze soko. Humo, uteuzi wa neno moja huamua iwapo mtu atauza au atalala njaa.