Pete ya Milimita 34



Mwezi wa Desemba 2024, FIA, yaani chama kikuu cha mashindano ya motokaa duniani, kilifanya mkutano wake Kigali, na nchi yetu ikatangaza nia ya kuandaa mbio za Formula One. Tangu hapo bweni letu limejaa mashabiki. Jumapili moja ulizuka ubishi juu ya jambo la zamani, nami nimeona vema kuliandika, maana lina mafundisho.

Habari yenyewe ni hii. Safari Rally ya Kenya ilianzishwa mwaka 1953, na zamani ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1994 Ian Duncan, Mkenya, alishinda kwa Toyota Celica; mwaka 1995 alishinda Mjapani Yoshio Fujimoto kwa motokaa ya jina hilo hilo. Lakini mwezi wa Oktoba 1995, katika mashindano ya Catalunya huko Hispania, wakaguzi walikuta hila katika motokaa za timu ya Toyota iliyoshindania ubingwa wa dunia.

Hila hiyo ilikuwaje? Injini hutaka petroli na hewa. Motokaa zile zilikuwa na turbo, yaani feni ndogo isukumayo hewa ndani ya injini. Hewa ikizidi, nguvu huzidi. Kwa hiyo sheria iliamuru hewa yote ipite katika pete yenye tundu la milimita 34 tu, ili motokaa zisiwe na mbio za kuua watu. Mafundi wa timu ile walitengeneza pete inayosogea. Mpira wa hewa ulipokazwa, pete ilirudi nyuma kidogo, na hewa ikapita kando yake. Mkaguzi alipoufungua mpira, springi ziliirudisha pete mahali pake, naye asione kosa. Max Mosley, aliyekuwa rais wa FIA, alisema kwamba katika miaka 30 hajaona hila ya werevu kama ile.

Mwezi wa Novemba 1995 hukumu ilitolewa. Timu ilifungiwa miezi 12 na kunyang'anywa alama zake zote za msimu. Waendeshaji wake nao, akina Juha Kankkunen na Didier Auriol, walipoteza alama zao. Ubingwa ukachukuliwa na Colin McRae wa Uskoti.

Sasa ubishi wetu. Mwenzetu wa Bugarama alisema, "Basi hata ushindi wa Duncan ulikuwa wa wizi!" Mwalimu wetu akamjibu, "La, mwanangu. Hukumu ilihusu msimu wa ubingwa wa 1995. Duncan hakuvuliwa kitu. Usimhukumu mtu kwa kosa lisiloonekana kwake." Hilo ni fundisho la kwanza.

Ndipo nikasimama mimi. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba waendeshaji walionewa, kwa kuwa kazi yao ni kushika usukani, si kufungua turbo. Mwenzetu mmoja, mtoto wa fundi wa Kamembe, akaniuliza kwa upole, "Kaka, tuseme hawakujua. Je, yule aliyeshindwa kwa sekunde chache na motokaa yenye hewa ya wizi, yeye alikosa nini?"

Sikupata jibu. Usiku sikulala upesi, maana nilijua kwa nini nilipaza sauti. Muhula uliopita bweni letu lilishinda mbio za kupokezana kijiti, nami nilikuwa kapteni. Siku ya pili mkimbiaji wetu mmoja aliniambia kwamba alikata njia katikati ya migomba. Wakati wa kukimbia sikujua. Lakini baada ya kujua nilinyamaza, na kikombe kikabaki dirishani petu.

Asubuhi nilimwendea mkimbiaji yule, tukaenda pamoja kwa mwalimu wa michezo, tukarudisha kikombe. Wenzangu wengine walininunia wiki nzima. Bweni lililokuwa la pili halikutushangilia. Lilichukua haki yake tu.

Fundisho la pili ni hili: kuondolewa alama si lazima kuwe adhabu ya mtu, huenda ni kumrudishia mwingine kilicho chake. Asiyejua hana hatia, lakini hana pia haki ya kushika kilichopatikana kwa hila. Na siku ajuapo, kunyamaza kwake huanza kuwa hila yake mwenyewe.

Timu ile ilirudi kwa msimu mzima mwaka 1998. Na Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, Toyota ilishinda kila mwaka hadi 2025, na motokaa zake zilikaguliwa kama za wengine. Kumbe aliyeanguka aweza kushinda tena, ila aanze kwa kurudisha.