KUHAMISHA DATA KUTOKA SIMU KUUKUU HADI SIMU MPYA

Tuseme mwalimu wa kidato cha nne amenunua simu mpya mwisho wa mwezi. Simu yake kuukuu, ambayo kioo chake kimepasuka, ameahidi kumpa mdogo wake anayesafiri alfajiri. Usiku huo anatoa kadi ya laini, anaitia katika simu mpya, anampigia mwenziwe kwa majaribio, na sauti inasikika vizuri. Kwa kuwa simu inafanya kazi, anaamini kuwa kila kitu kimehamia. Anaifuta ile kuukuu na kuikabidhi. Wiki moja baadaye anatafuta picha za karatasi za alama za wanafunzi wake, na sauti ya marehemu baba yake aliyoirekodi miaka mitatu kabla. Havipo, wala haviwezi kupatikana tena.

Kosa la mwalimu huyu si la uzembe. Ni kosa la kutojua mambo matatu: data ni nini, hukaa wapi, na ni jambo gani hasa hutendeka zinapohamishwa. Makala haya yanakusudia kuyaeleza mambo hayo matatu, kisha kuonyesha utaratibu unaotokana nayo. Mwenye kuelewa sababu hatahitaji kukariri utaratibu.

1. Data ni nini

Ndani ya kumbukumbu ya simu hamna picha, sauti wala maandishi kama tunavyovijua. Mna alama za aina mbili tu, ambazo kwa desturi huandikwa 0 na 1. Alama moja ya namna hiyo huitwa biti. Neno hilo lilichapishwa na mwanahisabati Claude Shannon wa Marekani katika makala yake ya mwaka 1948, naye alieleza kuwa lilipendekezwa na J. W. Tukey. Biti nane hufanya baiti moja, na baiti milioni moja hufanya megabaiti moja.

Kwa mpango wa usimbaji unaotumika sana, tarakimu 3 huandikwa 00110011, na tarakimu 2 huandikwa 00110010. Msomaji atazame kwa makini: tofauti yake ni biti moja tu, ile ya mwisho. Biti hiyo ikigeuka njiani, namba ya simu ya ndugu yetu itakuwa namba ya mtu mwingine, na fedha tunazomtumia zaweza kumfikia mgeni.

Biti hutunzwa kwa umeme. Simu janja hutumia kumbukumbu ya aina iitwayo flashi, ambayo ilivumbuliwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba nchini Japani na kuelezwa hadharani mwaka 1984. Kumbukumbu hiyo ina seli ndogo mno. Katika kila seli elektroni hunaswa ndani ya tabaka lililozungukwa na kihami, na kwa kupima wingi wa elektroni hizo simu hutambua ni biti zipi zilizoandikwa. Kwa kuwa kihami huzizuia zisitoke, data hubaki hata simu ikiishiwa chaji.

Ikumbukwe kwamba elektroni hizo haziondoki katika simu moja kwenda katika nyingine. Kinachosafiri ni mpangilio wake tu, kama vile mwalimu asomapo imla na wanafunzi wakaandika: wino hautoki katika kitabu chake.

2. Data hukaa wapi

Watu husema, "Vitu vyangu vimo katika simu." Kwa kweli vitu hivyo hukaa mahali panne, na kila mahali pana kanuni yake.

(a) Katika kadi ya laini. Kadi hii ina nafasi ndogo sana. Mara nyingi huweza kutunza majina yapatayo 250 pamoja na namba zake, na jumbe fupi chache. Picha haziwezi kukaa humo kamwe.

(b) Katika kumbukumbu ya simu yenyewe. Humu ndimo zilimo picha, video, sauti zilizorekodiwa, nyaraka, na mara nyingi mazungumzo ya WhatsApp. Kadi ya kumbukumbu ya kuchomeka, kwa simu zenye nafasi yake, huhesabiwa katika fungu hili, ila yenyewe huweza kuchomolewa na kubebwa.

(c) Katika kompyuta za mbali za kampuni ambayo mtumiaji ana akaunti kwayo. Akaunti ya Google hupewa nafasi ya bure ya gigabaiti 15, na ile ya iCloud gigabaiti 5. Lakini kuwa na akaunti si ushahidi kwamba picha zimo humo. Lazima unakili uwe umewashwa, na nafasi isiwe imejaa.

(d) Katika mitambo ya kampuni ya simu au benki. Fedha za M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, hazimo katika simu wala katika kadi. Zimo katika hesabu za mtoa huduma. Kadi ni kitambulisho tu, na namba ya siri ni uthibitisho wa mwenye nayo.

Sasa twaweza kuona alipojikwaa mwalimu wetu. Kadi yake ya laini ilihamisha fungu (a) na haki ya kulifikia fungu (d). Fungu (b), lenye vitu vya thamani kuliko vyote, lilibaki nyuma, naye akalifuta kwa mkono wake.

3. Kuhamisha ni kunakili

Meza ikihamishwa kutoka darasa moja hadi jingine, haiwezi kuwa katika madarasa yote mawili. Data si kama meza. Kwanza hunakiliwa, na kwa muda huwapo mahali pawili. Kisha, kwa tendo la pili lililo mbali na la kwanza, nakala ya awali hufutwa. Kati ya matendo hayo mawili hapana budi liwepo la tatu, nalo ni kuhakiki. Usalama wote wa kazi hii umo katika mpango huo: nakili, hakiki, futa. Anayefuta kabla ya kuhakiki amebaki na nakala moja ambayo hajui kama ni nzima.

Simu zenyewe huhakiki kwa hesabu. Njia iliyo nyepesi kueleweka ni ya biti ya ulinganifu. Mtumaji huhesabu 1 zilizomo katika baiti, kisha huongeza biti moja ili jumla ya 1 iwe shufwa. Tarakimu 3, yaani 00110011, ina 1 nne. Kwa hiyo huongezewa 0. Tuseme njiani imegeuka kuwa 00110010. Mpokeaji atahesabu 1 tatu, ataona jumla ni witiri, naye ataomba itumwe tena.

Lakini je, biti mbili za mwisho zikigeuka pamoja? Baiti itakuwa 00110000, ambayo ni tarakimu 0. Ina 1 mbili, idadi ambayo ni shufwa, na kosa litapita bila kugunduliwa. Kwa sababu hiyo vyombo vya leo hutumia mahesabu marefu zaidi, ambayo hugundua karibu makosa yote ya njiani. Richard Hamming wa Marekani alionyesha mwaka 1950 kwamba kwa kuongeza biti kadhaa zilizopangwa kwa busara, mpokeaji aweza hata kulisahihisha kosa bila kuomba kurudiwa.

Hesabu hizo, hata hivyo, hulinda kilichotumwa tu. Haziwezi kumwambia mtumiaji kwamba alisahau kulichagua jalada fulani. Uhakiki huo ni wa binadamu.

4. Njia na muda wake

Tuchukue picha 2,000, kila moja ikiwa na megabaiti 3. Jumla ni megabaiti 6,000. Kwa kuwa baiti ina biti nane, hizo ni megabiti 48,000. Kasi zifuatazo ni za makadirio, kwa ajili ya hesabu yetu:

Bluetooth, megabiti 2 kwa sekunde: sekunde 24,000, yaani saa 6 na dakika 40.

Wi-Fi ya simu kwa simu, megabiti 80 kwa sekunde: sekunde 600, yaani dakika 10.

Waya wa USB, megabiti 240 kwa sekunde: sekunde 200, yaani dakika 3 na sekunde 20. (Kikomo cha USB 2.0, iliyotangazwa mwaka 2000, ni megabiti 480 kwa sekunde, ila katika matumizi kasi huwa chini ya hapo.)

Intaneti ya simu, megabiti 4 kwa sekunde: sekunde 12,000, yaani saa 3 na dakika 20 za kupandisha tu. Kuziteremsha katika simu mpya ni safari ya pili, na kifurushi kitatumika mara mbili: gigabaiti 6 kwenda na gigabaiti 6 kurudi.

Waya na Wi-Fi ya simu kwa simu havitumii kifurushi. Kwa mtu asiye na intaneti ya uhakika, hizo ndizo njia za kuchagua kwanza. Njia ya mbali nayo ina ubora wake mmoja mkubwa: nakala hubaki hata simu zote mbili zikiibwa.

5. Lugha na kufuli

Kufika kwa biti hakutoshi. Simu mpya lazima izielewe. Picha za muundo wa JPEG husomwa na karibu simu zote. Simu za iPhone, tangu mwaka 2017, huweza kutunza picha katika muundo uitwao HEIC, ambao baadhi ya vyombo vya zamani havitambui. Majina na namba huhamishwa vizuri kwa muundo wa vCard, unaoeleweka na simu za Android na iPhone pia. Programu zenyewe haziwezi kunakiliwa kutoka Android kwenda iPhone, hupakuliwa upya.

Jambo jingine ni kufuli. Jumbe za WhatsApp husimbwa kwa siri kiasi kwamba asiye na ufunguo hawezi kuzisoma. Tangu mwaka 2021 mtumiaji aweza pia kuisimba nakala yake ya akiba, kwa nywila au kwa ufunguo wa tarakimu na herufi 64. Akivipoteza, hata kampuni yenyewe haiwezi kumfungulia. Hali kadhalika, baadhi ya programu za kutoa namba za uthibitisho hutunza funguo zake katika simu kuukuu peke yake. Simu hiyo ikifutwa mapema, mwenyewe hujifungia nje ya akaunti zake.

6. Utaratibu wa kufuata

Kwanza, chaji simu zote mbili, na uandike katika karatasi orodha ya vitu usivyokubali kuvipoteza.

Pili, kwa kila kitu andika kimo katika fungu lipi kati ya yale manne.

Tatu, hakikisha unazijua nywila za akaunti zako.

Nne, nakili kwa njia uliyoichagua, na usikatize.

Tano, hakiki. Linganisha idadi ya picha na ya majina katika simu zote mbili. Fungua picha ya zamani kuliko zote, ya katikati na ya mwisho. Cheza sauti hadi mwisho wake.

Sita, hamisha programu za uthibitisho, za benki na za mazungumzo, moja baada ya moja.

Saba, kaa na simu kuukuu siku kadhaa bila kuifuta. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

7. Kufuta simu kuukuu

Jalada likifutwa kwa njia ya kawaida, mara nyingi kinachoondolewa kwanza ni jina lake katika fahirisi, na biti zake hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo na kukiacha kitabu. Kwa hiyo simu haipaswi kutolewa kabla ya kurejeshwa katika hali ya kiwandani. Simu za Android zilizotoka kiwandani na toleo la 10, la mwaka 2019, au la baadaye, husimba kumbukumbu yote. Zikirejeshwa, ufunguo huharibiwa, na kilichobaki hakisomeki. Kabla ya hapo, ondoa akaunti zako, la sivyo simu yaweza kumdai mwenye nayo mpya nywila asiyoijua.

Kwa mwalimu wajibu huu ni mkubwa zaidi, kwa maana alama na picha za wanafunzi si mali yake peke yake. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Simu inayouzwa ikiwa na siri za darasa ni sawa na kabati la shule lililouzwa na majalada yake.

Zoezi la darasani

Wanafunzi wanane wasimame mstari mmoja, kila mmoja akiwa biti: aliyeinua mkono ni 1, asiyeinua ni 0. Waonyeshe tarakimu 3, na mwanafunzi wa tisa awe biti ya ulinganifu. Darasa lifumbe macho, mwalimu ageuze mkono mmoja, kisha darasa ligundue kama pana kosa. Rudieni kwa kugeuza mikono miwili, na mjadili kilichotokea.

Maswali

1. Kwa nini fedha za M-Pesa hazipotei simu ikivunjika, ilhali picha zaweza kupotea?

2. Video ya megabaiti 900 itachukua muda gani kwa Bluetooth ya megabiti 2 kwa sekunde? Je, kwa Wi-Fi ya megabiti 80?

3. Tarakimu 7 huandikwa 00110111. Biti yake ya ulinganifu ni ipi, ikiwa jumla ya 1 iwe shufwa?

4. Eleza kwa nini biti ya ulinganifu hugundua kosa la biti moja au tatu, lakini si la biti mbili.

5. Mwalimu wa mfano wetu alikosea katika hatua ipi kati ya zile saba? Taja zote alizoziruka.