Wenye Mikoba wa Soko la Ujiji



Wengi wenu mwasikia habari za soko la hisa. La Nairobi liliundwa mwaka 1954, na la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998. Sisi tulipozuru bara ya Kigoma tulijifunza kwamba biashara ya fedha yenyewe ilikuwako huko zamani sana.

Tulianzia Kibondo, tukateremka Kasulu, nchi ya Waha. Watu wa Buha walikuwa wakishuka na mbuzi na nafaka mpaka Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Chumvi ilitoka Uvinza. Njia hiyo tuliifuata nasi, ila kwa basi, na vumbi tulilila la kutosha.

Mwaka 1874 alifika Ujiji Cameron, ofisa wa manowari za Kiingereza, akaandika aliyoyaona sokoni. Bei ya kila kitu ilihesabiwa kwa ushanga uitwao sofi, mfano wa vipande vya mrija wa kiko uliovunjika. Soko likifunguliwa, walikuwako watu wenye mikoba iliyojaa sofi. Mwenye ushanga wa namna nyingine hubadilisha kwao, ndipo akanunue. Soko likifungwa, wale wale huzipokea tena sofi kutoka kwa wauzaji. Faida waliipata mara mbili, wala hawakulima, hawakuvua, hawakuchemsha chumvi.

Tusiwalaumu upesi. Aliyeshuka na mbuzi mmoja, akitaka samaki watatu na kibaba cha chumvi, angefanyaje? Mbuzi hana chenji. Sofi zilimfaa, ila alilipia kuingia na kutoka.

Na ushanga huo wa bara ulipita kwetu Unguja, mwingi ukitoka Venice. Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, alieleza kwamba kila nchi ina rangi yake, na rangi isiyopendwa haipati mnunuzi. Msafara ukikosea, mzigo mzima ni hasara.

Tuliporudi Kasulu tulijiuliza: sisi tunaouza karafuu zingali mtini ili tupate fedha za wachumaji, kisha tukakopa tena kabla ya msimu, twalipia mara ngapi? Mkutano ujao tutafanya hesabu hiyo pamoja. Kila mwanachama aje na stakabadhi zake za mauzo, na aliyekopa aandike alipewa kiasi gani na alirudisha kiasi gani.